Kenya: Je, akili mnemba inadhoofisha uwezo wa kufikiri?

Kenya ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa matumizi ya ChatGPT. Kwa mujibu wa takwimu za DataReportal za mwaka 2025, zaidi ya asilimia 40 ya watumiaji wa intaneti nchini humo wenye umri wa miaka 16 na kuendelea walikuwa wametumia programu hiyo katika mwezi mmoja. Ndiyo maana swali linaloulizwa katika nchi nyingi lina uzito wa pekee kwa Kenya: mtu aliyezoea kupata jibu kabla ya kulitafakari swali, je, anabaki na uwezo wa kulipima jibu lenyewe?

Fikra tunduizi ni nini?

Mtaala wa umilisi, ambao mfumo wake ulichapishwa mwaka 2017, unataja stadi saba za msingi ambazo kila mwanafunzi wa Kenya anapaswa kuzipata. Mojawapo ni fikra tunduizi na utatuzi wa matatizo, ambayo vitabu vya shule nchini humo huiita uwazaji kina. Nyingine ni ujuzi wa kidijitali. Stadi hizo mbili zimewekwa katika orodha moja kwa matumaini kwamba zitasaidiana.

Kufikiri kwa kina si kujua mambo mengi. Ni kuuliza jambo limesemwa na nani, kwa ushahidi gani, kwa maslahi ya nani, na ni kipi kilichoachwa bila kusemwa.

Funzo la kikokotoo

Hii si mara ya kwanza kwa chombo kuingia darasani na kuzua hofu. Katika mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, KCSE, watahiniwa wa hisabati huruhusiwa kutumia kikokotoo na majedwali ya hisabati, isipokuwa pale swali linapoagiza vinginevyo. Na maswali ya namna hiyo hutokea: mtahiniwa hutakiwa kukokotoa bila chombo chochote na kuonyesha hatua zake.

Sababu yake inaeleweka hata nje ya darasa. Mwenye duka anayejua hesabu akiuza kilo 12 za sukari kwa shilingi 150 kila kilo, kisha kikokotoo kikaonyesha 18,000, hutambua mara moja kuwa sifuri moja imezidi. Chombo kimekosea kwa kidole chake, lakini makadirio yaliyomo kichwani yamemwokoa.

Akili mnemba ni tofauti kwa namna mbili. Kwanza, haifanyi hatua moja tu ya kazi. Husoma, hufupisha, hujenga hoja na kutoa hitimisho. Pili, kosa lake halionekani kama sifuri iliyozidi. Programu hizi hutunga sentensi kwa kubashiri maneno yanayoelekea kufuatana, hivyo zinaweza kutaja kitabu au hukumu ya mahakama isiyokuwepo kwa lugha ileile fasaha zinayotumia kueleza ukweli.

Utafiti unaonyesha nini?

Jaribio lililofanywa katika shule ya sekondari nchini Uturuki, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2025, liliwahusisha wanafunzi karibu 1,000 wa hisabati. Kundi moja lilitumia vitabu na madaftari pekee. La pili lilipewa programu inayojibu kila linaloulizwa. La tatu lilipewa programu iliyorekebishwa ili itoe vidokezo bila kufichua jibu.

Wakati wa mazoezi, alama za kundi la pili ziliwazidi wenzao wa vitabu kwa asilimia 48, na za kundi la tatu kwa asilimia 127. Ulipofika mtihani usioruhusu programu yoyote, kundi la pili lilipata alama za chini kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuitumia. Kundi la vidokezo halikupata hasara hiyo. Teknolojia ilikuwa ileile. Kilichotofautiana ni iwapo mwanafunzi alilazimika kufikiri kabla ya kulipata jibu.

Mwaka huohuo, watafiti wa Microsoft na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani waliwahoji wafanyakazi 319 wanaotumia akili mnemba kazini. Waliokuwa na imani kubwa na programu hizo walieleza kuwa hutumia fikra tunduizi kwa kiwango kidogo. Waliojiamini wenyewe zaidi walieleza kinyume chake. Majibu hayo ni maelezo ya wahusika wenyewe, kwa hiyo hayathibitishi kuwa programu ndiyo iliyosababisha tofauti hiyo.

Upande wa pili

Kenya yenyewe ina mfano unaoonyesha manufaa. Mwezi Juni 2024, wakati wa mjadala wa Mswada wa Fedha, vijana walitafsiri vifungu vya waraka huo katika lugha mbalimbali na kuvifafanua kwa video mitandaoni. Mtaalamu mmoja wa programu alitengeneza chombo cha akili mnemba kilichojibu maswali ya wananchi kuhusu mswada huo. Baada ya maandamano yaliyosababisha vifo, Rais William Ruto alitangaza tarehe 26 Juni kuwa hatautia saini. Mswada wenyewe ulikuwa hadharani, na aliyetilia shaka jibu aliweza kurudi kwenye kifungu na kujisomea.

Kwa watumiaji wa Kiswahili

Programu hizi zimefunzwa kwa maandishi mengi zaidi ya Kiingereza kuliko ya Kiswahili, na majibu yake katika lugha yetu yanaweza kuwa dhaifu zaidi. Aidha, mahali ambapo wasemaji wa Kiswahili ni wachache na magazeti na vitabu vya lugha hiyo ni haba, jibu la simu linaweza kuwa ndilo pekee mtu alilonalo, bila la kulinganisha nalo. Anayehitaji tahadhari zaidi ndiye mwenye njia chache za kuhakiki.

Hali ilivyo sasa

Mwezi Machi 2025, serikali ya Kenya ilizindua mkakati wa taifa wa akili mnemba wa mwaka 2025 hadi 2030. Wakati huohuo, katika mtaala mpya, sehemu ya alama za mwanafunzi hutokana na kazi na miradi inayotangulia mtihani wa mwisho. Kwa kikokotoo, sharti la maneno machache katika karatasi ya mtihani lilitosha, kwa kuwa chumbani mna msimamizi. Kazi ya nyumbani haina msimamizi. Mwalimu anaweza kumtaka mwanafunzi aeleze kwa mdomo alichokiandika, na mzazi anaweza kumwambia aandike jibu lake kwanza ndipo afungue simu. Zaidi ya hapo, sharti hilo limebaki mikononi mwa mwanafunzi mwenyewe.