Msuli unavyojijenga upya: kutoka sindano ya kwinini hadi panya wa Laikipia

Kabla ya dawa ya malaria iitwayo artesunate kufika, mtoto wa wilaya ya Muleba, Tanzania, aliyeletwa hospitalini na degedege, macho yamegeuka na mwili unawaka moto, alitibiwa kwa kwinini. Mshipa ukipatikana na dripu ikiwapo, alitundikiwa. Mshipa ukikosekana, au akiwa bado kwenye zahanati ya kijijini na gari la kumpeleka hospitali ya Rubya halijulikani litapita saa ngapi, alichomwa sindano ya msuli. Wazazi waliolea watoto miaka hiyo wanakumbuka yaliyofuata: masikio yanavuma, paja limevimba, limekuwa gumu, mtoto hataki liguswe. Baada ya wiki kadhaa watoto wengi walikuwa wanakimbizana tena migombani kana kwamba hakuna kilichotokea. Wachache hawakurudi kama walivyokuwa.

Dawa ni ileile, nyama ya paja ni ileile. Kwa nini huyu akapona bila alama na yule akabaki na kovu linalovuta mguu? Swali hilo lina umri wa zaidi ya miaka 150 katika vitabu vya tiba, na jibu lake limepitia maiti za wagonjwa wa taifodi, chura wa New York, maabara ya Seattle, na miamba ya Laikipia nchini Kenya.

Tuanze na taifodi. Mwaka 1864 daktari Mjerumani Friedrich Albert Zenker alieleza alichokiona katika misuli ya watu waliokufa kwa homa hiyo. Sehemu za misuli ya tumbo na mapaja zilikuwa zimekufa na kugeuka kama nta. Waliomfuata waliichunguza misuli ya namna hiyo kwa hadubini wakakuta nyuzi changa, nyembamba, zikijitokeza palepale zile za zamani zilipoharibika. Kumbe msuli wa binadamu unaweza kuota upya. Kilichowashinda ni chanzo cha nyuzi hizo. Uzi mmoja wa msuli una viini mamia, hata maelfu, lakini viini hivyo havigawanyiki tena. Sasa vipya vinatoka wapi? Wengine walisema vinatoka kwenye damu, wengine wakasema vipande vya uzi uliovunjika hujikata na kuanza maisha mapya. Ubishi huo ulidumu karibu karne nzima, na ukiusoma leo unaona kwamba kila upande ulikuwa na picha nzuri za hadubini na hakuna aliyekuwa na ushahidi.

Jibu la kwanza la maana lilikuja mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Alexander Mauro, wa Taasisi ya Rockefeller jijini New York, alikuwa anatazama msuli wa mguu wa chura kwa hadubini ya elektroni. Pembeni mwa uzi, kati ya ngozi yake na utando mwembamba unaouzunguka, aliona seli ndogo iliyobanwa, kiini chake kimejaa karibu nafasi yote. Aliziita seli za aina hiyo seli setilaiti, kwa kuwa zinaambatana na uzi bila kuwa sehemu yake. Makala yake ilikuwa fupi mno, kurasa chache tu. Humo alikisia kwamba huenda hizi ni seli zilizobaki tangu mimba, zimelala, zikisubiri msuli uumie ili zirudie kazi ya kuujenga. Alikuwa sahihi, ingawa ilichukua nusu karne kulithibitisha hilo bila shaka.

Wakati huo huku kwetu madaktari walikuwa wanaona jambo hilohilo wodini bila kulipa jina. Mwaka 1968 jarida la tiba la Afrika Mashariki lilichapisha makala za madaktari waliofanya kazi Uganda kuhusu majipu yanayoota ndani kabisa ya misuli mikubwa: paja, tako, bega, mgongo. Ugonjwa huo uliwahi kuelezwa na Julius Scriba, Mjerumani aliyefundisha upasuaji Tokyo, mwaka 1885, lakini nchi za joto ndizo zilizouona kwa wingi, Uganda ikiwa miongoni mwa zilizouandika zaidi. Mara nyingi kisababishi ni bakteria aina ya stafilokoka. Mgonjwa anapasuliwa, usaha unatoka kwa wingi wa kutisha, na mwenye kuangalia angeapa kwamba mguu ule hautabeba tena mkungu wa ndizi. Lakini wengi wakitibiwa mapema hupona na kurudi shambani bila kilema. Sehemu ya msuli imekufa, na sehemu hiyo imejazwa na msuli mwingine.

Jeni ziliingia katika hadithi hii mwaka 1987. Robert Davis, Harold Weintraub na Andrew Lassar, katika kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson mjini Seattle, walikuwa wanatafuta ni jeni gani inayoifanya seli iwe ya msuli. Walichukua seli za panya ambazo hazikuwa za msuli, zile zinazotengeneza tishu za kushikiza, wakazitia jeni moja waliyoiita MyoD. Seli hizo ziligeuka kuwa misuli. Jeni moja ilitosha. Weintraub alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 49, kabla hajaona jinsi wazo lake lilivyofungua njia kwa Shinya Yamanaka wa Japani, aliyekuja kugeuza seli za ngozi kuwa seli za mwanzo kabisa na kupata tuzo ya Nobeli mwaka 2012.

Mwaka 2000 kundi la Michael Rudnicki nchini Kanada, Patrick Seale akiwa mwandishi wa kwanza, lilionyesha kwamba seli setilaiti zina jeni yao ya utambulisho, Pax7. Panya aliyezaliwa bila jeni hiyo alikosa seli hizo. Kisha mwaka 2011 maabara kadhaa, kila moja kwa njia yake, zikaziua seli zenye Pax7 ndani ya panya wakubwa na kuwajeruhi misuli. Msuli haukuota. Hapo kisio la Mauro likaacha kuwa kisio.

Yanayotokea ndani ya paja baada ya sindano yenye kuunguza yanajulikana vizuri zaidi kwa panya wa maabara, na ratiba yake yafaa kufuatwa polepole. Saa za mwanzo, nyuzi zilizoungua zinapasuka na kumwaga vilivyomo. Seli nyeupe za damu zinafika, kwanza zile za kupambana, kisha zile kubwa zinazokula mabaki. Seli setilaiti, ambazo hadi jana zilikuwa zimelala na Pax7 ikiwa imewaka, zinaamka. Jeni za Myf5 na MyoD zinapanda, na ndani ya siku mbili au tatu seli zinagawanyika kwa kasi. Lakini si zote zinazoendelea mbele. Baadhi zinaizima MyoD, zinabaki na Pax7, na kurudi kulala pembeni ya uzi, akiba ya jeraha lijalo. Zilizobaki zinafanya kinyume: Pax7 inashuka, jeni ya miojenini inawaka, na mgawanyiko unakoma. Halafu inawaka jeni nyingine, ya protini inayoitwa maiomeka, ambayo kazi yake ilielezwa mwaka 2013. Protini hiyo ndiyo inayoziwezesha seli kuungana ngozi kwa ngozi na kuwa uzi mmoja. Kufikia siku ya tano hadi ya saba nyuzi changa zinaonekana kwa hadubini, na unazitambua mara moja kwa sababu viini vyake vimepanga mstari katikati badala ya kukaa pembeni. Kwa panya alama hiyo hubaki miezi mingi baada ya jeraha kupona. Baada ya wiki tatu au nne msuli umerudi.

Yote hayo yanategemea mambo mawili. La kwanza, ule utando uliouzunguka uzi wa zamani usiharibiwe, maana ndio unaoelekeza uzi mpya ukae wapi. La pili, majirani wazime kazi yao kwa wakati. Majirani hao ni seli nyingine za msuli zilizoelezwa mwaka 2010, zenye uwezo wa kuwa kovu au mafuta. Msuli ukiumia, nazo zinaongezeka na kuzisaidia seli setilaiti, halafu seli nyeupe zinatoa amri na nyingi zinakufa. Jeraha likirudiwa kabla la kwanza halijafungwa, amri hiyo inavurugika. Seli za kovu haziondoki, jeni zake zinaendelea kumwaga nyuzi ngumu za kolajeni, na pale palipopaswa kuwa na msuli panakaa utepe mgumu usiokunjuka.

Hilo ndilo linaloonekana mashariki mwa Uganda. Mwaka 2018 watafiti walichapisha tafiti kuhusu watoto wa wilaya ya Kumi wenye makovu ndani ya misuli ya matako, na wengine wenye miguu iliyopooza baada ya sindano kugusa mshipa wa fahamu. Mtoto mwenye kovu la aina hiyo hawezi kuchuchumaa akiwa ameyaunganisha magoti. Akikaa chini miguu inamfunguka yenyewe. Shuleni anachekwa, chooni anahangaika. Tatizo hilo limehusishwa na sindano za mara kwa mara za matakoni, kwinini ikitajwa mbele ya dawa nyingine. Haishangazi. Kwinini isiyochanganywa na maji ni tindikali kali, na mwongozo ulikuwa wazi: ipunguzwe, ichomwe mbele ya paja, si takoni. Mwongozo ni jambo moja, na zahanati yenye foleni ya akina mama hamsini na muuguzi mmoja ni jambo jingine.

Sasa twende Laikipia. Kwenye vilima vya miamba vya kituo cha utafiti cha Mpala wanaishi panya wadogo wenye manyoya magumu kama miiba mgongoni. Wanaowakamata walijua siku nyingi kwamba ukimshika vibaya, ngozi inakubakia mkononi na panya anaenda zake. Mwaka 2012, katika jarida la Nature, Ashley Seifert na wenzake, akiwamo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliyekuja kuwa makamu mkuu wa chuo hicho, walionyesha kwamba panya hao wanaweza kupoteza hadi asilimia 60 ya ngozi ya mgongo, na ngozi ikarudi pamoja na vinyweleo vyake, bila kovu la kawaida. Walipowatoboa masikio, matundu yalijiziba, na gegedu likaota upya. Kwa mnyama anayenyonyesha hilo ni jambo la nadra.

Mwaka 2018 Malcolm Maden na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida wakauliza swali ambalo mzazi wa Kumi angeliuliza: akichomwa tena na tena, je? Walitumia panya wa jamii hiyo aina ya Acomys cahirinus, wakamchoma msuli wa mguu kwa sumu inayotokana na swila, ambayo maabara nyingi huitumia kuua nyuzi za msuli. Walirudia mara kadhaa. Panya wa kawaida alichoka. Msuli wake ukaanza kujaa mafuta. Yule wa miiba alijenga upya kila mara, na msuli ukabaki msuli. Tafiti zinazofuata zinachunguza seli zake nyeupe na majirani wa kovu, maana seli setilaiti anazo kama sisi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ufumbuzi utakapopatikana: tofauti haiko kwa mjenzi, iko kwa wale wanaomzunguka na jeni wanazowasha au kuzizima.

Wakati wataalamu wakihangaika na panya, tiba ya malaria ilibadilika kwa njia nyingine kabisa. Utafiti uliotangazwa mwaka 2010, ukihusisha watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, vituo vya Korogwe na Muheza vikiwa miongoni mwao, ulionyesha kwamba artesunate inaokoa maisha zaidi kuliko kwinini: vifo vilikuwa asilimia 8.5 dhidi ya asilimia 10.9. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wenye malaria kali. Muleba yenyewe, baada ya mlipuko wa malaria wa 2006, ilianza kupuliziwa dawa majumbani mwaka 2007, na baadaye ikawa uwanja wa utafiti wa vyandarua vyenye viambata viwili uliochapishwa mwaka 2018 na kufuatiliwa duniani kote. Kila mtoto aliyekosa malaria kali kwa sababu ya chandarua amekosa pia sindano ya paja.

Dawa ya kuziamsha seli setilaiti za mtu haipo bado kwenye duka lolote, na anayekuuzia kitu kwa jina hilo anakudanganya. Kovu lililokwisha kukaa haliyeyuki kwa kukandwa. Tiba yake ni upasuaji wa kukata utepe, kisha mazoezi, na matokeo ni mazuri zaidi mtoto akiwahi. Kwa hiyo mzazi, mtoto wako akiandikiwa sindano ya msuli, muulize mhudumu kwa upole kama kuna dawa ya kumeza inayofaa ugonjwa huo, na kama hakuna, aichome mbele ya paja. Ukiona anatembea miguu imetanuka au hawezi kuchuchumaa na wenzake, mpeleke hospitalini sasa, usisubiri akue.