Kwa nini WhatsApp ilishika kila mahali, Clubhouse ikafifia? Hivi ndivyo mtandao mpya unavyosambaa

Kila baada ya muda linaibuka jina jipya. Google+ ilikuja ikaondoka, Clubhouse ikavuma, kisha Threads. Watu wanaambizana, wanapakua, wanafungua akaunti. Miezi michache baadaye mitandao mingine imekuwa sehemu ya maisha, mingine imebaki kujaza tu nafasi kwenye simu.

Kwa anayeuza nguo au keki mtandaoni hili ni suala la riziki. Akihamia mapema mno hakuna wateja. Akichelewa, wenzake wameshajaa.

Somo lilianzia shambani

Mwaka 1943 watafiti wa Marekani, Bryce Ryan na Neal Gross, walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa jimbo la Iowa na mbegu chotara za mahindi. Wakulima wengi walisikia habari za mbegu hizo kwanza kutoka kwa wauzaji. Lakini kilichowashawishi kuzipanda zaidi ni majirani zao.

Mwaka 1962 Everett Rogers, naye mzaliwa wa Iowa, alikusanya tafiti za aina hiyo kwenye kitabu chake na kugawa watu katika makundi matano:

- Wathubutu, asilimia 2.5: wanajaribu kila kitu kipya.
- Wanaowahi, asilimia 13.5: wengine huwaangalia wao kwanza.
- Wengi wa mwanzo, asilimia 34: wanasubiri kuona kama kitu kinafanya kazi.
- Wengi wa baadaye, asilimia 34: wanaingia kwa sababu wenzao wote wapo.
- Wa mwisho, asilimia 16: wanakuja shingo upande.

Kazi ngumu ni kuvuka kutoka kundi la pili kwenda la tatu. Mitandao mingi hufia hapo.

Watu ndio bidhaa yenyewe

Mbegu nzuri humfaa mkulima hata akiwa peke yake. Mtandao wa kijamii hauko hivyo. Ukiwa peke yako huna wa kuchati naye, na kila anayeongezeka anaufanya uwe na faida zaidi kwa waliopo.

Ndiyo maana Facebook haikuanza na dunia nzima. Ilianza Februari 2004 katika chuo kikuu cha Harvard, ikaenda vyuo vingine, na Septemba 2006 ndipo ikafunguliwa kwa kila mwenye umri wa kuanzia miaka 13. Ukijaza kundi dogo la watu wanaofahamiana, mtu anaingia na kukuta marafiki zake tayari wapo.

WhatsApp ilipita mlango gani?

WhatsApp ilianza mwaka 2009. Haikuhitaji barua pepe wala neno la siri, namba ya simu ilitosha. Ukiingia tu, unaona nani kwenye orodha yako ya majina yupo tayari. Pia iliwahi kufanya kazi kwenye simu nyingi za Nokia na BlackBerry, si zile za bei mbaya tu. Mwaka 2014 Facebook ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 19.

Huku Afrika Mashariki ikaingia kwenye mambo ambayo watu walikuwa nayo siku zote: kundi la ukoo, vikao vya harusi, kikoba, wazazi wa darasa moja. Hapo ndipo wale wa mwisho wanapovutwa. Shangazi hajiungi kwa sababu kaipenda programu. Anajiunga kwa sababu taarifa za msiba na michango zinapita huko.

Clubhouse ilikwama wapi?

Clubhouse ilianza mwaka 2020 kwa iPhone pekee, tena kwa mwaliko. Ilivuma sana. Lakini ilifika kwenye simu za Android Mei 2021, na wengi wa ukanda huu wanatumia hizo. Wakati huo Twitter ilikuwa imeshaanzisha Spaces, mahali ambapo watu tayari walikuwa na wafuasi wao. Nani angehama?

Kupakua si kubaki

Threads ilipata watu milioni 100 ndani ya siku tano Julai 2023, kwa kuwa mtu aliingia kwa akaunti yake ya Instagram. Wiki chache baadaye matumizi ya kila siku yakashuka sana, kabla ya kupanda tena taratibu. Mlango mpana unajaza watu haraka, lakini kinachowafanya warudi kesho yake ni mazungumzo.

Serikali nayo ina mkono

Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Wengi walikimbilia VPN. Mwaka 2021 kodi hiyo iliondolewa na kuwekwa tozo ya asilimia 12 kwenye bando. Januari mwaka huohuo Facebook ilifungiwa nchini humo wakati wa uchaguzi. Aliyekuwa na wateja wake wote huko alijikuta mlango wa duka umefungwa.

Kabla hujahamia, jiulize

- Je, watu wako, ndugu au wateja, wameanza kuwepo?
- Inafanya kazi kwenye simu ya kawaida na bando dogo?
- Inakusaidia kufanya jambo ambalo tayari unalifanya?
- Ikifungwa kesho, utawapataje wateja wako?

Swali la mwisho lina jibu rahisi: andika namba zao pembeni. Mitandao inakuja na kuondoka, lakini namba ya mteja ukiwa nayo, unampigia tu.