Mlinzi wa Wachina: Tarehe ya Ofisi Moja ya Singapore

Mwezi wa Juni 1877 serikali ya Kiingereza ya Singapore ilifungua ofisi mpya katika nyumba ya duka, mtaa wa North Canal Road, ikamkabidhi William Alexander Pickering. Huyu alikuwa Mwingereza aliyekaa miaka mingi Uchina na Formosa (Taiwan ya leo), akajua kusema lahaja kadhaa za Kichina na kusoma maandishi yake. Kabla ya yeye kuajiriwa kuwa mkalimani mwaka 1872, serikali hiyo ilikuwa imetawala maelfu ya Wachina kwa zaidi ya nusu karne bila kuwa na ofisa hata mmoja wa Kizungu aliyeweza kuongea nao kwa lugha yao. Cheo alichopewa ni Mlinzi wa Wachina. Walioandika juu ya ofisi hiyo wamegawanyika: wapo wanaoihesabu kuwa rehema iliyowafikia wanyonge waliokuwa wakiuzwa gatini, na wapo wanaoiona kuwa polisi aliyevaa kanzu ya mlezi. Kumbukumbu zake zenyewe zinaonyesha jambo la tatu. Ofisi ile ilimlinda mgeni kweli, tena mara nyingi kwa bidii, lakini ulinzi wake ulifika mpaka mlangoni kwa hazina ukasimama. Kila mpaka huo uliposogezwa, ulisogezwa na haja ya fedha au haja ya mikono ya kazi.

Ili kulielewa hilo, lazima turudi kwenye msingi wa mji wenyewe. Tangu Stamford Raffles alipotia mkataba na watawala wa Johor mwaka 1819, Singapore ilikuwa bandari huria. Merikebu ziliingia na kutoka bila kutozwa ushuru wa bidhaa, na wafanyabiashara wa Ulaya waliililia haki hiyo kila ilipoguswa. Serikali isiyotoza bidhaa hulazimika kumtoza mtu. Njia iliyotumika ni kukodisha haki ya kuuza afyuni na pombe kwa matajiri walioshinda zabuni, nao wakailipa serikali kodi ya mwezi kwa mwezi. Wasomaji wa pwani yetu wanaikumbuka nyumba ya Jairam Shivji iliyokodi forodha ya Unguja wakati wa Seyyid Said. Utaratibu unafanana, ila kule Unguja ushuru ulikaa juu ya pembe, karafuu na nguo, na kule Singapore ulikaa juu ya mapafu ya kibarua. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 afyuni peke yake ilileta karibu nusu ya mapato ya serikali. Waliovuta wengi wao walikuwa Wachina: mpakuzi wa mizigo, mkulima wa mmea wa gambier na wa pilipili manga, mvuta rikisho, mchimbaji wa bati aliyepitia mjini. Barabara, mahakama na mishahara ya maofisa vilitoka kwa watu hao, na katika baraza la kutunga sheria hawakuwa na sauti.

Watu hao waliingiaje? Wengi walitoka Fujian na Guangdong, Wahokkien, Wateochew, Wakanton, Wahakka na Wahainan, wakasafiri kwa jahazi za Kichina na baadaye kwa meli za moshi. Asiye na nauli alilipiwa na dalali, akaja akiwa na deni shingoni. Meli ikitia nanga hakuteremka mpaka mwajiri ajitokeze alilipe deni lile na faida ya dalali juu yake. Kisha alimfanyia kazi mwajiri huyo, kwa kawaida mwaka mzima, ndipo awe huru. Walioitwa sinkheh, yaani wageni wapya, walifungiwa melini au katika nyumba za mjini, na wengine walijikuta wakipelekwa kwenye mashamba ya tumbaku ya Deli, Sumatra, ilhali walikuwa wameahidiwa kazi Singapore. Aliyewapokea, akawapangia kazi, akawazika walipokufa, hakuwa gavana. Ni vyama vya kiapo kama Ghee Hin, ambavyo Waingereza waliviita vyama vya siri. Humo mgeni alipata ndugu, mdhamini na hakimu, na humo pia alipata mnyapara na mkopeshaji. Serikali haikuwa na cha kuweka mahali pake, na kwa muda mrefu haikutafuta.

Mambo yalianza kubadilika kwa malalamiko ya Wachina wenyewe, na hili linasahauliwa mara nyingi. Mwaka 1873 wafanyabiashara wa Kichina waliiandikia serikali wakiomba wageni walindwe dhidi ya wahuni waliowateka bandarini. Mwaka huohuo sheria ya kuwasajili vibarua wa Kichina ilipitishwa, ikabaki karatasini bila kutekelezwa, kwa kuwa wenye mashamba na makampuni waliogopa kwamba ukaguzi ungepunguza mikono ya kazi na kupandisha bei yake. Desemba 1876 serikali ilijaribu kufungua posta ndogo ya Wachina ili barua na fedha walizopeleka nyumbani zipite mkononi mwake. Wenye maduka yaliyofanya kazi hiyo walipinga, ghasia zikazuka, polisi wakafyatua risasi na watu wakafa. Kamati iliyochunguza hali ya vibarua ilikuwa imekwisha kukaa mwaka huo, na mwaka 1877 zikaja sheria mbili, moja ya wahamiaji wa Kichina na nyingine ya kuwazuia madalali wa utekaji. Miaka minne tu inatenganisha sheria iliyolala na sheria iliyofanya kazi. Katikati yake hakuna kilichobadilika katika mateso ya mgeni. Kilichobadilika ni kwamba serikali ilitambua kuwa kuna dola nyingine ndani ya mji wake, yenye posta yake, mahakama yake na lango lake la kuingilia watu.

Kazi ya Pickering na wasaidizi wake ilikuwa ya kila siku, na si haki kuidharau. Walipanda melini, wakawauliza abiria mmoja mmoja kama nauli imelipwa. Aliyelipa aliachwa aende zake. Asiyelipa alipelekwa katika nyumba ya mapokezi yenye leseni, na mwajiri alipopatikana mkataba ulisomwa kwa lahaja ya kibarua mbele ya ofisa, ukaandikwa daftarini. Watu walianza kuiita ofisi kwa jina la mwenyewe, wakilitamka Pi-ki-ling, na wakaenda pale na kesi za madeni, ndoa na mishahara ambazo zamani zingepelekwa kwa wakuu wa vyama. Mtu aweza kusema kwamba hapa ndipo hoja ya hazina inapoanguka, kwa sababu ofisi hii iligharimu fedha na kuwasumbua waajiri. Lakini tuangalie ilimhusu nani. Sheria ilimshika yule tu aliyekuja na deni la wazi. Aliyeandikwa kuwa amelipa, hata kama nauli yake ililipwa na dalali kwa mlango wa nyuma, alipita bila kuulizwa zaidi, na kadiri miaka ilivyokwenda hao ndio waliokuwa wengi. Tume ya mwaka 1890 iliyochunguza kazi za vibarua katika Makoloni ya Mlango wa Bahari (Straits Settlements), Singapore ikiwemo, na nchi jirani za Malaya ilikuta dhuluma bado ipo. Na aliyepandishwa meli nyingine kwenda mbali alitoka kabisa mkononi mwa Mlinzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 hata mashamba ya Wajerumani kule Usambara yalipata vibarua wa Kichina na wa Kijava kupitia Singapore. Mkataba ulioandikwa North Canal Road haukuwa na ofisa wa kuusimamia katika milima ya Tanga.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo ni la vyama. Wengi husema kwamba kuvivunja vyama vya kiapo kulikuwa ndiyo kumlinda kibarua hasa, maana vilimkamua na kumpiganisha. Ni kweli kwamba ghasia za mwaka 1854 kati ya Wahokkien na Wateochew ziliua mamia ya watu kwa siku chache, na vyama vilikuwa na mkono humo. Ni kweli pia kwamba Julai 1887 seremala mmoja Mteochew aliingia ofisini akamrushia Pickering kichwa cha shoka kikampiga kwenye paji la uso, wakati ambapo Mlinzi alikuwa akipambana na kamari, na afya yake haikurudi sawasawa. Hata hivyo Pickering mwenyewe kwa miaka mingi alipendelea vyama visajiliwe na kusimamiwa kuliko kuvunjwa kwa pigo moja, kwa sababu alijua wakuu wake ndio njia pekee ya kuwafikia watu. Daftari lake lilikuwa na majina zaidi ya 60,000. Gavana Cecil Clementi Smith alikata shauri vinginevyo: sheria ya mwaka 1889, iliyoanza kutumika 1890, ilivipiga marufuku vyama vya hatari, na ikaundwa Bodi ya Ushauri ya Wachina iliyojaa matajiri. Angalia nani aliketi kwenye bodi ile. Kibarua alimpoteza mkuu wa chama, mtu wa mtaani mwake ambaye angeweza kumwendea usiku; akapewa msemaji aliyekuwa mwenye meli, mwenye shamba, au aliyekodi haki ya afyuni. Jeuri ya mtaani ilipungua, na serikali ilistahili sifa kwa hilo. Lakini kwa kumwondolea kibarua nguvu ya kugoma na kujikusanya, waajiri nao walipata walichotaka, na wao hawakuwa wamerushiwa shoka.

Kwa wanawake ofisi ilifanya jema lake lililo wazi zaidi. Mjini walikuwa wachache mno kulingana na wanaume, na wasichana waliletwa kuuzwa katika madanguro au kuwa vijakazi. Mwaka 1888 ilianzishwa Po Leung Kuk, makao ya wasichana waliookolewa, chini ya Mlinzi na wazee wa Kichina, na wengi walitoka humo wakaolewa. Lakini danguro lenyewe liliachwa lisimame kwa miongo mingine, kwa sababu mji wa wanaume wasio na wake ulikuwa umejengwa hivyo kwa makusudi: kibarua asiye na familia hugharimu kidogo.

Turudi kwenye afyuni, maana hapo ndipo mpaka unapoonekana bila pazia. Watetezi wa serikali walisema Wachina walivuta kwa hiari yao, na kuwazuia kungekuwa kuwavunjia desturi. Jibu lilitoka kwa Wachina wenyewe. Kuanzia mwaka 1906 daktari Lim Boon Keng na wenzake walianzisha chama cha kupinga afyuni, wakahutubia, wakawatibu wavutaji na kuiomba serikali ipige marufuku. Serikali iliunda tume, tume ikasema madhara si makubwa kiasi hicho. Matokeo yake ni kwamba mwaka 1910 ukodishaji ulikomeshwa, na serikali yenyewe ikachukua biashara, ikatengeneza afyuni katika kiwanda chake Pasir Panjang na kuiuza kwa jina lake. Ofisa wa Mlinzi aliyemwepusha mgeni na dalali asubuhi hakuwa na neno la kumwambia juu ya kijiko cha afyuni alichouziwa na serikali hiyohiyo jioni. Deni la nauli lilikwisha kwa mwaka. La afyuni halikuwa na tarehe ya mwisho.

Mikataba ya vibarua wa Kichina ilifutwa rasmi mwaka 1914, na mara nyingi hatua hiyo husimuliwa kama ushindi wa utu. Ilikuwa hatua njema. Ilichukuliwa, hata hivyo, wakati ambapo watu walikuwa wakimiminika bila kulazimishwa, na mwajiri hakuhitaji tena kumfunga mtu kwa karatasi ili ampate. Mwaka 1927 waliowasili kutoka Uchina walipita 350,000. Kisha mdororo wa dunia ukaja, bei za mpira na bati zikaanguka, na kuanzia 1930 serikali iliyokuwa imeacha lango wazi kwa zaidi ya miaka 100 ikaweka idadi ya wanaume waliokubaliwa kuingia, na mwaka 1933 sheria ya wageni ikaikaza zaidi. Wengi wasio na kazi walirudishwa kwao. Ofisi iliyokuwa ikimpokea mgeni sasa ilimhesabu na kumzuia, kwa madaftari yaleyale. Wanawake hawakuwekewa kikomo mpaka 1938, na kwa pengo hilo waliingia kwa wingi wanawake wa Kikanton waliofanya kazi za ujenzi na za nyumbani. Familia za mji zilikua kwa sababu ambayo hakuna ofisa aliyeipanga.

Katika miaka ya 1930 jina la ofisi lilibadilishwa kuwa Sekretarieti ya Wachina, na Februari 1942 Wajapani walipouteka mji ofisi ikafa. Baada ya vita haikufufuliwa kama ilivyokuwa. Kazi zake ziligawanywa kwa idara za kawaida za serikali: ajira huku, uhamiaji kule, vyama kwingine, na malezi ya wasichana kwa ustawi wa jamii. Marufuku ya afyuni, iliyoombwa na Lim Boon Keng miaka 40 nyuma, ilianza kutumika katika utawala uleule uliorudi baada ya vita, wakati ambapo hazina ilikuwa imepata njia nyingine za kujilisha.