Balbu zinazobana umeme: faida, hasara na mambo ya kuangalia kabla ya kununua

Wasikilizaji wengi wa Kongowe, Mlandizi na vijiji vya Kisarawe hujiuliza swali moja wanaponunua umeme wa LUKU: nikibadilisha balbu, uniti zitakaa zaidi? Jibu ni ndiyo, ila kiasi utakachookoa kinategemea balbu unayoiondoa, saa inazowaka na bei unayolipa kwa uniti.

Aina tatu za balbu

Ya kwanza ni balbu ya zamani, ile ya kioo yenye waya ndani na mwanga wa njano. Waya hupata moto hadi ung'ae, na zaidi ya asilimia 90 ya umeme huishia kuwa joto. Hudumu kama saa 1,000.

Ya pili ni CFL, ambayo wengi wameizoea kwa jina la enaji seva. Ni bomba jembamba la kioo, mara nyingi lililosokotwa. CFL ya wati 13 hadi 15 hutoa mwanga sawa na balbu ya zamani ya wati 60. Nzuri hudumu saa 6,000 hadi 10,000, lakini kuiwasha na kuizima kila mara, kwa mfano chooni, huifupishia maisha.

Ya tatu ni LED. Wati 8 hadi 10 zinatosha kutoa mwanga huohuo. LED nzuri hudumu saa 15,000 au zaidi. Ukiiwasha saa 5 kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka 8.

Hesabu ya nyumba yenye balbu tano

Uniti moja ni wati 1,000 zinazotumika kwa saa moja. Chukua nyumba yenye balbu tano za zamani za wati 60, kila moja ikiwaka saa 5 kwa siku. Hizo ni uniti moja na nusu kwa siku, sawa na uniti 45 kwa mwezi. Ukiweka LED za wati 9, balbu hizo tano zitakula uniti 7 hivi kwa mwezi. Umeokoa uniti 38.

Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa kundi D1 hulipa Sh100 kwa uniti na mteja wa T1 hulipa Sh292, kabla ya kodi na tozo. Uniti 38 ni Sh3,800 kwa mteja wa D1 na takriban Sh11,100 kwa mteja wa T1. Tuseme kila LED imeuzwa Sh3,000: mteja wa T1 anarudisha fedha yake kwa mwezi mmoja na nusu, na wa D1 kwa miezi minne.

Mteja wa D1 ana sababu nyingine ya kubana. Kundi hilo limewekewa watu wenye matumizi ya wastani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti zinazozidi hapo hutozwa Sh350 kila moja. Nyumba inayotumia uniti 90 hulipa Sh7,500 kwa zile 75 za kwanza na Sh5,250 kwa 15 za juu, jumla Sh12,750. Ikiokoa uniti 38 inabaki na uniti 52, yaani Sh5,200. Kwa nyumba yenye friji na televisheni, balbu peke yake zinaweza kuamua kama utavuka mpaka huo.

Sasa angalia aliyekwisha kuwa na CFL ya wati 15. Akiibadilisha kwa LED ya wati 9, anaokoa uniti 0.9 tu kwa mwezi kwa kila balbu. Huyo hana haja ya kuharakisha. Aiache CFL iungue kwanza, kisha aweke LED.

Hasara na tahadhari

Kwanza, joto. Wafugaji wa kuku wa Kibaha na Kisarawe wanaolelea vifaranga kwa balbu za zamani wanategemea lile joto ambalo kwa mwenye sebule ni umeme uliopotea. LED hutoa mwanga wa kutosha vifaranga kula usiku, lakini haiwapi joto. Kabla ya kubadilisha balbu ya banda, hakikisha una chanzo kingine cha joto kilicho salama, la sivyo vifaranga watarundikana na kufa.

Pili, zebaki. CFL ina zebaki kidogo ndani, nayo ni sumu. Ikivunjika, toa watoto chumbani, fungua madirisha na usubiri robo saa. Usifagie kwa ufagio. Kusanya vipande kwa karatasi ngumu, pangusa sakafu kwa kitambaa kibichi, kisha weka vyote ndani ya chupa au kopo lenye mfuniko. Usiwaachie watoto CFL iliyoungua waichezee. Machi 2022 nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, Tanzania ikiwemo, zilikubaliana kwa pendekezo lililotoka Afrika kwamba CFL nyingi za majumbani zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya mwaka 2025. LED haina zebaki.

Tatu, balbu feki. LED mbovu hufa baada ya wiki chache, na hapo hesabu yote ya kuokoa inavurugika. Umeme unaopanda na kushuka nao huua haraka balbu zisizo na ubora.

Ukifika dukani

Angalia alama ya TBS kwenye boksi na kama kuna waranti. Dai risiti. Mwombe muuzaji aijaribu mbele yako. Soma lumeni, ambazo ndizo kipimo cha mwanga: balbu inayodai kuwa sawa na wati 60 za zamani iwe na lumeni 700 hadi 800. Angalia pia holda yako ni ya pini au ya kusokota. Kwa barazani, mwanga wa njano huvuta wadudu wachache kuliko mweupe.

Balbu za LED zenye betri husaidia umeme ukikatika, ila betri huchoka mapema kuliko balbu yenyewe. Zima swichi kabla ya kubadilisha balbu yoyote, na kama holda imelegea au imeungua, mwite fundi.

Kama huna fedha ya kubadilisha zote, anza na balbu inayowaka saa nyingi zaidi, mara nyingi ya nje au ya sebuleni. Na usisahau vyombo vingine: pasi ya wati 1,000 ikiwaka mfululizo kwa saa moja inakula umeme ambao ungewasha LED ya wati 9 kwa zaidi ya saa 100.

Ili kujua umeokoa kiasi gani, andika uniti zilizobaki kwenye mita jioni moja na uziandike tena baada ya siku saba. Badilisha balbu, kisha rudia wiki inayofuata kwa matumizi yaleyale. Tofauti ya wiki hizo mbili ndiyo faida ya nyumba yako.