Kisii Ikitaka Kuwa Jiji, Kwanza Ijue Majina ya Mitaa Yake

Kuna watu ukiwatajia historia ya Kisii wanawaza machifu na vita tu. Mimi nasema historia ya mji huu iko kwa mdomo wa makanga. Simama stegi usikilize: Nyanchwa, Mwembe, Jogoo, Daraja Mbili, Nyamataro, Menyinkwa, Suneka. Hapo umesomewa zaidi ya miaka mia moja bila kulipa karo. Na mimi niliyeacha chuo katikati nakwambia, hiyo bei ni poa.

Tuanze na jina la mji wenyewe. Wazee wengi hawasemi wanaenda Kisii. Wanasema Getembe, ama Bosongo. Kwa Kigusii, omosongo ni mzungu, kwa hivyo Bosongo ni kama kusema "kwa wazungu". Yaani mwenyeji alitazama kile kituo kilichofunguliwa na Waingereza mwaka wa 1907, akakipa jina la mgeni aliyekikalia. Hakusema "kwetu". Jina lilikuwa malalamiko tayari.

Na malalamiko hayakuishia kwa jina. Januari 1908, Otenyo Nyamaterere, akichochewa na Moraa Ng'iti, alimchoma mkuki Geoffry Northcote, afisa aliyekuwa akisimamia kituo hicho. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo aliuawa. Nyumba za watu zilichomwa na ng'ombe wakaswagwa. Kwa hivyo ukinunua mahindi ya kuchoma pale katikati ya mji, jua unasimama mahali palipolipiwa.

Sasa angalia majina ya mitaa. Utaona yako kama matabaka ya jiwe.

Tabaka la chini ni Kigusii: Nyanchwa, Nyamataro, Menyinkwa, Nyaura, Nyabururu. Hapo palikuwa na watu na mashamba kabla ya ofisi yoyote. Wamisheni walipokuja kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wakatoliki walikaa Nyabururu na Wasabato wakakaa Nyanchwa. Walileta dini mpya, lakini majina ya mahali waliyakuta na yakabaki. Mpaka leo ukitaja Nyanchwa, mtu anawaza Wasabato kabla ya kuwaza kilima.

Tabaka la pili ni Kiswahili: Mwembe, Jogoo, Daraja Mbili. Hebu jiulize, kwa nini katikati ya nchi ya Wagusii kuna mitaa yenye majina ya Kiswahili? Kwa sababu mji ulikuwa mahali pa kukutana. Askari, karani, fundi wa cherehani, mwenye duka Mhindi na mama wa mboga hawakuwa na lugha moja ya nyumbani. Kuna pia Wanubi, wajukuu wa askari wa Sudan walioletwa na jeshi la Waingereza, kama wale wa Kibera. Wamekaa Kisii vizazi na vizazi. Ukisema mji huu ni wa kabila moja, umewafuta watu waliozaliwa hapo, na babu zao pia.

Septemba 1914 Wajerumani waliingia Kisii kutoka upande wa Tanganyika. Waingereza walikuwa wameshahama, kisha wakarudi na jeshi na wakapigana. Katika ile vurugu wenyeji walipora kituo na misheni, na baadaye wakaadhibiwa kwa kunyang'anywa mifugo. Vita vilikuwa vya watu wa Ulaya, lakini faini ilikuwa ya Mgusii.

Kwa nini naandika haya sasa? Kwa sababu Nakuru ilipata hadhi ya jiji 2021, Eldoret ikafuata 2024, na kila mji uliobaki unajipima kimo. Sheria ya miji ya 2011 inataka jiji liwe na wakazi 250,000. Sensa ya 2019 ilihesabu kama watu 112,000 katika mji wa Kisii. Kufika huko, mji utalazimika kuvimeza vijiji vya jirani. Na kaunti yetu ina zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita ya mraba. Hakuna shamba tupu la kumezwa. Kila kipande kina mwenyewe.

Tena sisi tunazika nyumbani. Kaburi la babu liko nyuma ya jikoni, karibu na migomba. Shamba likikatwa ploti na ghorofa ikapanda, lile kaburi linaenda wapi? Na Mto Nyakomisaro, ambao tayari unabebeshwa takataka za mji, utabeba nini mitaa ikiongezeka mara mbili?

Huku Tabaka tunaelewa hii hesabu. Jiwe letu la sabuni limefika hadi makao makuu ya UNESCO kule Paris, kupitia mikono ya Elkana Ong'esa. Lakini ukitembea Nyabigena utaona mashimo yaliyoachwa. Jiwe lilienda, jina likabaki, shimo likabaki. Ukichimba bila mpango, unauza mara moja na watoto wako wanakaa na shimo milele.

Mimi sipingi jiji. Nataka barabara, taa na kazi kama kijana yeyote. Ninachosema ni hiki: kabla ramani mpya haijachorwa, majina ya zamani yaandikwe, mipaka ya mito iheshimiwe, na wenye mashamba waulizwe wakiwa bado wana shamba la kuulizwa. Usingoje serikali. Leo jioni muulize nyanya yako kwa nini mtaa wenu unaitwa hivyo, na mrekodi kwa simu. Siku nyanya akiondoka, wale wa ploti wataupa jina jipya, na mtoto wako atadhani palianza hivyo.