Asili ya neno 'jicho' na hatari ya kulinganisha maneno kiholela

Wapo watu wanaoamini kwamba maneno mawili yakifanana, basi wasemaji wake ni ndugu, na yakitofautiana, hawana uhusiano. Dhana hii imeenea mno, hata miongoni mwa wasomi.

Hivi majuzi pale Sachangwan, kwenye barabara kuu ya Nakuru kuelekea Eldoret, wauzaji wawili wa viazi walinitaka niwaamue. Mkikuyu alidai kuwa 'riitho' ndilo lililozaa 'jicho' la Kiswahili. Jirani yake Mkalenjin akadakia: "Na 'konda' yetu je, mwalimu? Imetoka kwa matatu?" Tulicheka, kwani katika Kikalenjin 'konda' ni jicho, wala si utingo.

'Riitho' halikuzaa 'jicho'. Maneno hayo ni ndugu wa mama mmoja, lugha ya kale ambayo wanaisimu huiita Mame-Bantu. Waganda husema 'eriiso', Abagusii 'eriso', wasemaji wa Lingala 'liso'. Ndivyo ilivyo Ulaya pia: Mjerumani ana 'Auge', Mholanzi 'oog', Msweden 'öga' na Mwingereza 'eye', na hakuna hata moja lililozaa jingine.

Tunajuaje? Si kwa kufanana, bali kwa utaratibu wa sauti, jambo ambalo Carl Meinhof alilionyesha kwa lugha za Kibantu mwaka 1899. Penye 'ch' katika Kiswahili sanifu, mara nyingi Kimvita na Kiamu huwa na 't', nacho Kikuyu kina 'th'. Macho ni 'mato' na 'maitho'. Cheka ni 'teka' na 'theka'. Mchanga ni 'mtanga' na 'mũthanga'. Utaratibu huo ukirudiarudia hivyo, hauwezi kuwa sadfa.

Sasa hebu tazama mchele. Mombasa ni 'mtele'. Kwa kanuni hiyo, Kikuyu kingetarajiwa kusema 'mũthere', lakini husema 'mũcere'. Neno hili basi halikurithiwa. Lilipanda bara likiwa limeshapikwa, pamoja na biashara ya kutoka pwani. Sauti moja tu imetunza historia ambayo hakuna aliyeiandika! Binafsi naona mfano huu una thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Kinyume chake, Mgiriki wa leo huliita jicho 'mati' na Mmalei 'mata'. Ukiweka 'mato' ya Lamu kando yake, utadhani umegundua ukoo mpya. Wapi! 'Ma-' ya Kiamu ni kiambishi cha wingi tu, na 'mati' ni kipande kilichosalia cha neno refu la Kigiriki cha kale, 'ommation'.

'Konda' nalo lina jamaa zake. Wingi wake ni 'konyek', na Wamaasai husema 'inkonyek'. Hizo ni lugha za Kinailoti. Dholuo pia ni ya Kinailoti, lakini jicho kwa Mluo ni 'wang''.

Nayasema haya kwa sababu eneo la Molo limeona watu wakifukuzwa makwao, mwaka 1992 na tena baada ya uchaguzi wa 2007, kwa maneno mawili: mwenyeji na mgeni. Nimewasikia watu wazima wakitumia isimu kama hati ya shamba, eti lugha ya fulani imetoka mbali. Jamani, ipi haikutoka mbali? Chimbuko la lugha za Kibantu ni mpakani mwa Nigeria na Kamerun. Za Kinailoti zilitoka kaskazini, pande za Sudan Kusini. Na Waogiek wa msitu wa Mau, ambao wengi huwahesabu kuwa wakongwe wa eneo hilo kuliko sote, lugha yao leo ni ya kundi la Kikalenjin.