Poa Ni Yetu

Shuleni Morogoro niliandika kwenye insha, “Mambo yalikuwa poa.” Mwalimu akalikata kwa wino mwekundu: uhuni, eti naiga “cool” ya Wazungu.

Wazungu gani? Kwa Kiingereza “cool” ilikuwa ubaridi, kisha utulivu wa mtu asiye na papara. Maana ya kupendeza ilienezwa na wanamuziki Weusi wa jazi, Marekani; mwaka 1957 ikatoka albamu ya Miles Davis, Birth of the Cool.

Nasi tunalo letu la tangu zamani: uji hupoa, homa hupoa, hasira hupoa. Likizo nikapanda Uluguru, kwa bibi, Mgeta.

“Shikamoo bibi.”

“Marahaba mjukuu wangu. Ile homa imepoa?”

“Imepoa, bibi.”

Hapo mwalimu angenipa vema. Na neno ni lile lile, jamani!